Mkaa wa vifuu: mzuri, ila tupimieni kwa kopo

Napika wali na maharage karibu na soko la Mgandini, Tanga, na sasa natumia mkaa mbadala wa vifuu vya nazi kutoka duka moja la Ngamiani. Unachelewa kushika, kwa hiyo uwashe mapema. Ukishashika hauna moshi, na maharage yanaiva bila kuongeza mwingine. Naupenda sana.

Tatizo wanauza kwa gunia tu. Serikali inataka 80% ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, nami naunga mkono. Maji yetu yanatoka Mto Zigi, kwenye misitu ya Usambara, misitu ambayo sitaki ikatwe kwa ajili ya mkaa. Lakini mama lishe ananunua mkaa kwa hela ya leo. Kaka zangu, wekeni kopo dukani.