Tahadhari: Nyumba ya Brugge inayotangazwa katika makundi yetu haipo

Ndugu wasomaji, hasa ninyi mnaoishi Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani na mnaopanga kuwatembeza wageni wenu kutoka nyumbani, naomba msome maelezo haya kabla hamjatuma hata senti moja. Kuna mtu, au pengine ni kikundi cha watu, anayetangaza katika makundi ya Waswahili wa Ulaya nyumba ya kukodi kwa siku mbili tatu katika mji wa kale wa Brugge, na nyumba hiyo haipo. Familia moja ya Antwerp ninayoifahamu vizuri imelizwa euro 540 kwa njia hii, nayo imeniruhusu kueleza yaliyoipata mradi nisitaje majina.

Tangazo limeandikwa kwa Kiswahili safi. Linasema nyumba ina vyumba viwili, iko kando ya mfereji, ni mwendo wa dakika chache tu hadi uwanja wa Markt, na kwamba sufuria na vyombo vyote ni vipya, kwa hiyo anayekula halali atapika bila wasiwasi. Maneno hayo ya vyombo ndiyo yaliyomvuta mama wa familia, ambaye alikuwa akimtarajia mdogo wake na shemeji yake kutoka Mombasa. Mwenye tangazo hutuma ujumbe wa sauti wenye salamu ndefu, huulizia hali ya wazazi, humwita kila mtu dada au shemeji, na hujieleza kuwa yeye ni mtunzaji tu wa nyumba ya mzee wa Kibelgiji aliyewahi kufanya kazi Kongo. Hapa Ubelgiji maelezo kama hayo huingia akilini upesi, kwa sababu wazee wa namna hiyo wapo kweli, na wengine hadi leo wanakumbuka Kiswahili cha Katanga. Tapeli huyu anatujua, na ndiyo maana namwona kuwa hatari kuliko wale wanaotuma barua pepe zenye lugha iliyovunjika.

Picha ya kwanza ya tangazo inaonyesha mfereji, nyumba za matofali zilizoinamia maji, na nyuma yake mnara wa Belfort wenye urefu wa mita 83. Yeyote aliyewahi kufika Brugge atapatambua mara moja: ni Rozenhoedkaai, mahali ambapo watalii husongamana kupiga picha kuliko karibu pengine pote mjini. Mandhari hiyo huonekana ukiwa umesimama barabarani, ukingoni mwa mfereji, ilhali tangazo linadai kuwa ndiyo inayoonekana kutoka dirisha la chumba cha kulala. Picha za ndani nazo, tulipozitafuta mtandaoni kwa njia ya kutafuta kwa picha, tulizikuta katika matangazo ya nyumba za miji mingine kabisa.

Tarehe zilizoombwa zilikuwa za sikukuu ya Kupaa Bwana, ambayo hapa ni mapumziko ya taifa na huangukia Alhamisi, hivyo watu wengi huiunganisha na Ijumaa wakapata siku nne. Siku hiyo hiyo Brugge huwa na Maandamano ya Damu Takatifu, msafara wa kidini, ambayo UNESCO iliyaingiza mwaka 2009 katika orodha yake ya urithi usioshikika, na hoteli za katikati ya mji hujaa mapema. Tapeli analijua hilo pia. Alimwambia mama huyo kwamba kuna familia nyingine inayoingojea nyumba hiyo na kwamba atamshikilia nafasi hadi saa mbili usiku tu.

Malipo ndiyo sehemu inayostahili kutazamwa kwa makini. Alisema nyumba hiyo imo pia katika jukwaa moja kubwa la malazi, lakini makato ya huko ni makubwa, basi afadhali wamalizane wenyewe kwa wenyewe. Alituma mkataba wenye sahihi na nakala ya kitambulisho cha Kibelgiji, kisha akaomba euro 390 za kodi na 150 za amana. Namba ya akaunti haikuanza kwa BE kama zianzavyo akaunti za Ubelgiji, bali ilikuwa na herufi za nchi nyingine. Tangu tarehe 9 Oktoba 2025 benki za nchi zinazotumia euro zinalazimika kumwonyesha mtumaji, kabla hajathibitisha, iwapo jina aliloandika linalingana na jina la mwenye akaunti, na benki ya mama huyu ilimwonyesha waziwazi kuwa hayalingani. Alipouliza, jibu lilikuja papo hapo: akaunti ni ya kampuni ya mke wa yule mzee. Jibu lililokuwa tayari kiasi hicho lilikwisha kutumika kwa wengine. Pesa ziliondoka kwa uhamisho wa papo kwa papo, ambao hufika ndani ya sekunde kumi, na benki ilipoombwa kuzirudisha ilikuta akaunti ya upande wa pili imekwisha kukombwa.

Baada ya hapo alijaribu pia kuwauzia kile alichokiita kifurushi cha mashua na mnara, kwa bahati nzuri hawakukinunua. Mashua za Brugge huzunguka mifereji kwa takriban nusu saa, na mtu binafsi hununua tiketi yake palepale gatini. Anayekuuzia nafasi ya mashua kwa WhatsApp anakuuzia hewa. Tiketi za kupanda ngazi 366 za Belfort zinauzwa na makumbusho ya mji yenyewe.

Wageni walifika Alhamisi asubuhi kwa treni, wakavuta masanduku yao juu ya mawe ya barabara kutoka stesheni hadi mtaa waliopewa. Mtaa ulikuwepo. Namba za nyumba ziliishia kabla ya ile iliyoandikwa katika mkataba, na pale ambapo ingefuata palikuwa na ukuta wa bustani. Simu ilikuwa imezimwa. Waliishia kurudi Antwerp jioni ile ile, kwa kuwa hoteli zilizobaki na nafasi zilikuwa na bei isiyosemeka.

Kuna madhara mawili ambayo watu hawayafikirii. La kwanza, tapeli aliomba nakala za pasipoti za wageni, eti kwa ajili ya polisi wa mji, akatumiwa. Nina hakika kubwa kwamba kile kitambulisho alichotumia kujithibitisha kilikuwa cha mtu mwingine aliyetapeliwa kabla, na kwamba pasipoti hizo nazo zitatumiwa hivyo hivyo. La pili linawahusu walioko Kenya na Tanzania wanaoomba viza ya Schengen: hati ya malazi unayoambatisha ikigundulika kuwa si ya kweli, ombi lako linaweza kukataliwa, na ada ya euro 90 hairudishwi. Familia hii ilinusurika hapo kwa sababu wageni waliomba viza kwa anwani ya dada yao.

Kwa atakayetaka kulala Brugge na si kwenda na kurudi tu, ulizeni kwanza namba ya usajili wa malazi. Tangu Aprili 2017 sheria ya Flanders, jimbo la Ubelgiji ambamo Brugge imo, inataka kila nyumba inayopangishwa kwa watalii iandikishwe katika mamlaka ya utalii ya jimbo, hata ikiwa ni chumba kimoja. Mwenye nyumba halisi ataitoa namba hiyo bila maneno mengi. Huyu wetu aliposhinikizwa na mtu mwingine katika kundi alijibu kwamba sheria hiyo ni ya hoteli tu, jambo ambalo si kweli. Lipieni ndani ya jukwaa lenyewe, na kwa kadi, kwa sababu malipo ya kadi unaweza kuyapinga kupitia benki iliyoitoa.

Wiki hii tangazo limerudi kwa jina jipya na namba mpya ya simu, na safari hii nyumba hiyo inasemekana iko Ghent, ingawa mnara wa Brugge bado unaonekana katika picha. Ikiwa umekwisha kutuma pesa, ipigie benki yako sasa hivi kabla ya kubishana naye. Ikiwa ulimpa namba za kadi, piga Card Stop, huduma ya Ubelgiji ya kufunga kadi, kwa 078 170 170, ambayo hupokea simu usiku na mchana. Ujumbe wake wote, pamoja na kiungo chochote alichotuma, upelekeni kwa suspicious@safeonweb.be, anwani ya serikali ya Ubelgiji inayopokea ujumbe wa kutiliwa shaka, kisha fungueni jalada katika kituo cha polisi cha mnakoishi mkiwa na mkataba, risiti ya benki na picha za mazungumzo. Msiufute ujumbe wa sauti hata kidogo, kwa sababu hadi sasa sauti hiyo ndiyo kitu chake pekee ambacho hajakibadilisha.