Waini nyekundu ya Alentejo chini ya euro 5: uzoefu wangu

Nianze na jibu kabisa maana najua wengi wenu mnasoma mistari miwili mnakimbilia supamaketi: nunueni, ila msiifungue na kuimimina hapo hapo ikiwa na joto la jikoni. Ukiinywa hivyo pombe itakupanda puani hata matunda huyasikii, na kooni itashuka na moto, utaona bora ungenunua bia.

Nipo Lisbon na huku rafu za waini za bei chee ni ndefu mpaka unachoka, kwa hiyo mimi huwa naangalia lebo kwanza. Hii imeandikwa Vinho Regional Alentejano, yaani zabibu zimetoka Alentejo, kule kusini mwa Ureno kwenye tambarare na jua kali. Juu yake kuna daraja la DOC, waini ya eneo maalumu ambayo masharti yake ni makali zaidi, chini yake kuna zile zimeandikwa Vinho tu bila jina la eneo. Kwa hela hii mimi sihangaiki na DOC, nachoangalia ni mwaka wa mavuno, panapoandikwa Colheita, na hapo nataka mwaka wa karibuni kwa sababu waini za bei hii zinatengenezwa zinywewe sio zitunzwe, ukiiweka kabatini miaka na miaka matunda yote yanapotea unabaki na uchachu.

Ndani kuna mchanganyiko wa zabibu tatu, Aragonez, Trincadeira na Alicante Bouschet. Aragonez msikutishe, ndo ile ile Tempranillo ya Wahispania. Ila mimi iliyonivutia ni Alicante Bouschet, maana zabibu nyingi nyekundu ukizipasua nyama ya ndani ni nyeupe tu, rangi yote iko kwenye ganda, lakini hii hata nyama yake nyekundu. Ilizalishwa Ufaransa karne ya 19 halafu ikaja kupata heshima yake Alentejo kuliko hata kwao. Na inaonekana kwenye glasi jamani, nimeiinamisha juu ya karatasi nyeupe, katikati nyeusi tii, pembeni kabisa ndo unaona kautepe ka zambarau, na glasi ukiiacha usiku bila kuiosha asubuhi utaisugua.

Sasa kuonja. Chupa inasema asilimia 14, sio mchezo, ndo maana nikairudisha friji kama dakika 20 hivi, sio iwe baridi kama soda, hapana, ipoe tu ifike kwenye nyuzi 16 hadi 18. Hapo ikawa waini nyingine. Harufu ya plamu zilizoiva sana ikatangulia, nyuma yake beri nyeusi, na kitu kama pilipili manga na majani makavu ambacho nahisi ni kazi ya Trincadeira. Kuna vanila kidogo pia, ile inayoletwa na mbao za mwaloni. Sidhani kama imelala kwenye pipa la maana kwa bei hii, Ulaya tangu 2006 wanaruhusiwa kutumia vipande vya mwaloni na ni rahisi mno kuliko pipa, hata hivyo hawakuzidisha, nimewahi kunywa zingine mpaka unahisi unalamba ubao.

Mdomoni inajaa, laini mwanzoni, halafu ule ukakasi unakuja mwishoni, ufizi unakauka kama umekula zambarau ambazo hazijaiva vizuri. Ukinywa bila chakula unaweza kukereka. Weka nyama mezani, ya nguruwe au kondoo yenye mafuta mafuta, au hata jibini gumu la kondoo, ukakasi wote unaisha, unabaki na tunda na kauchachu kanakokufanya uchukue tonge lingine. Hii waini ni ya chakula, hilo mniamini, ya kukaa kwenye kochi unakunywa peke yake zipo zingine.

Malalamiko yangu. Mwishoni ina kautamu ambako sikukapenda, kama wameacha sukari makusudi ili ipendwe na kila mtu. Na kizibo! Ureno ndo inatoa karibu nusu ya koki yote duniani, yaani lile gome la mti linalotengenezewa vizibo, na misitu mikubwa ya hiyo miti iko huko huko Alentejo, halafu mimi napewa kizibo cha chembechembe zilizogandishwa na gundi, kikamegeka nikaanza kuchuja waini kwa kichujio cha chai. Najua ni bei, kizibo cha koki nzima kingekula faida yao, lakini kinauma. Bora wangeweka cha kuzungusha tujue moja.

Nilibakisha robo chupa nikaiziba nikaiweka friji, kesho yake jioni ilikuwa nzuri kuliko siku ya kufungua, moto umepungua na plamu zimetokeza zaidi. Usiipitishe hapo lakini, baada ya hapo inaanza kwenda kwenye siki, hiyo mwagia kwenye mchuzi wa nyama.

Kama unapenda waini tamu utailaumu bure, na kama mezani kwako ni samaki wa kuchemsha achana nayo kabisa, rafu ya jirani kuna vinho verde nyeupe, waini nyepesi ya kaskazini mwa Ureno, kwa hela hiyo hiyo, chukua hiyo.