Uzoefu wangu na twisheni ya Praxis Core, upande wa Kiingereza

Walimu wenzangu mnaofatilia kwenda kufundisha Marekani na jimbo mnaloomba linataka Praxis Core, ule mtihani wa kupima kusoma, kuandika na hesabu kwa wanaotaka kuwa walimu, hii inawahusu. Nimejiandaa na darasa moja la mtandaoni la hapa hapa Dar, jina naliacha, nimelipa laki na nusu, na kiukweli sehemu kubwa ya hiyo hela imeenda bure ila kuna kitu kimoja ndo kimenivusha.

Kwanza vipindi vyao ni saa moja jioni, muda ambao mtu unayefundisha Posta unakaa Kimara bado umebanwa kwenye mwendokasi, simu mkono mmoja bomba mkono mwingine, unasikiliza nini hapo. Rekodi wanaahidi kutuma, ikija imechelewa na inakula bando. Halafu kwenye grupu wanamwaga PDF za misamiati, maneno magumu kibao ukariri na maana zake. Jamani Praxis haiendi hivyo! Reading ni maswali 56 kwa dakika 85, unapewa kifungu unaulizwa mwandishi anadai nini, taarifa gani ikiongezwa hoja yake inadhoofika, neno fulani humo ndani limebeba maana gani. Ukikariri kamusi nzima bado utakwama.

Sarufi iko ndani ya Writing, maswali 40 dakika 40. Kuna yale wanapiga mstari sehemu nne za sentensi uonyeshe kosa liko wapi, na mwishoni wanaweka chaguo la No error, hilo linatutesa sana sisi tuliozoea kwamba mtihani ukiuliza kosa basi kosa lazima liwepo. Chukua sentensi kama The box of markers are on the desk, sikio linasikia markers halafu are, linaona poa, unapita, kumbe mwenye kitenzi ni box. Hapo bado makosa kama discuss about na equipments ambayo tunayatumia staff room kila siku na hakuna anayeshtuka. Ukibanwa na muda usiache swali wazi, bahatisha, hawakati maksi kwa jibu la kukosa.

Sasa kilichonivusha ni insha. Ziko mbili, nusu saa kila moja, unatype kwenye kompyuta. Moja unapewa kauli unachukua msimamo, nyingine unapewa vyanzo viwili vinavyovutana unaeleza mjadala wenyewe uko wapi na lazima uvitaje vyote viwili. Msahihishaji wa hilo darasa ni mama mmoja mwalimu mstaafu, huyo mama ni moto. Unamtumia insha, anaiprinti, anaichana kwa wino mwekundu halafu anakurudishia picha. Ile mianzo yetu ya since time immemorial, education is the key of life, anafuta aya nzima anaandika pembeni "msimamo wako uko wapi?" Ukiandika many people believe anakuuliza akina nani. Kwenye insha ya vyanzo anazungushia kila sentensi iliyobeba hoja ya mtu bila kumtaja, na ya kwangu ilirudi imejaa miduara ukurasa mzima. Baada ya wiki chache za kuchanwa hivyo nikawa namaliza kwa muda na kubaki na dakika za kupitia makosa.

Majimbo mengi yanataka 156 ya Reading na 162 ya Writing, ila cheki la kwako kwanza maana kila jimbo linajipangia. Mi nimevuka zote, Writing kwa kusuasua.

Kuhusu muundo wa mtihani huhitaji kumlipa mtu, ETS wenyewe, wenye mtihani huu, wana mwongozo wa bure unaitwa Study Companion, upakue tu, una maswali ya mfano na majibu yenye maelezo. Niliwauliza hawa jamaa wa twisheni kama mtu anaweza kulipia kusahihishiwa insha peke yake, wakasema hapana, ni kifurushi kizima na PDF zao. Nyota mbili kati ya tano, na zote mbili ni za yule mama.