Kuchambua akili ya msimulizi: uanze na lugha yake au madai yake?

Chukua "The Tell-Tale Heart" ya Edgar Allan Poe (1843), ambamo muuaji wa mzee mmoja anasimulia mwenyewe huku akishikilia kwamba hana wazimu.

Ukianza na lugha, pigia mstari kila neno linalorudiwa na kila alama ya mshangao, kisha angalia urefu wa sentensi. Anapoeleza alivyochungulia chumbani mwa mzee usiku wa manane, anajisifu kwa utaratibu na tahadhari. Polisi watatu waliokuja kuchunguza wakishaketi, sentensi zinakatikakatika, na anarudia tena na tena kwamba mlio wa moyo anaousikia unazidi. Moyo wa nani huo? Yeye anadai ni wa mzee, ila hadithi haithibitishi, nawe usimsemee. Ukitumia tafsiri, hakikisha haikufuta marudio hayo. Yakifutwa, huna ushahidi.

Ukianza na madai, chora safu mbili: anachodai, na kinachompinga. Anadai akili timamu. Uthibitisho wake ni kwamba alisikia mambo mengi ya jehanamu. Anadai alimpenda mzee. Akamuua kwa sababu ya jicho la mzee huyo. Njia hii ni ya haraka, ila wengi huandika "ni kichaa" na kufunga daftari.

Anza na lugha. Safu zije baadaye, kwa kuhakiki.