Uzoefu wangu wa kununua mtoto wa Boerboel kwa mzalishaji wa Dar es Salaam

Nyumba yetu iko Kibada, Kigamboni, mahali ambapo viwanja ni vikubwa, majirani wako mbalimbali na taa za barabarani hazijafika kila mtaa. Tulihitaji mbwa mkubwa wa ulinzi, na baada ya kutafuta kwa muda mrefu tulimnunua mtoto jike wa Boerboel kutoka kwa mzalishaji anayefuga upande wa Madale. Mbwa huyo sasa amevuka mwaka mmoja, hivyo nimeona muda umetosha kueleza huduma tuliyoipata, kwa kuwa ubora wa huduma ya namna hii hauonekani siku ya kukabidhiwa mbwa. Jina la mzalishaji silitaji kwa sababu mwenyewe hapendi kutangazwa. Watu wanaosubiri watoto wake tayari ni wengi kuliko anaoweza kuwahudumia.

Anayetafuta mbwa wa aina hii jijini hukutana kwanza na matangazo ya mitandaoni: picha ya mtoto mnene, maneno kwamba ni mbegu safi, bei ya maelewano na namba ya simu. Ukiomba kumwona mama yake unaambiwa yuko shamba, au yuko Arusha, au amelala. Muuzaji mmoja alitaka tukutane kwenye kituo cha mafuta, aniletee ndani ya boksi mtoto ambaye, kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa na wiki tano. Katika umri huo mtoto wa mbwa bado anatakiwa awe na mama na ndugu zake, maana ni katika kucheza na kung'atana nao ndipo anapojifunza kupima nguvu ya meno yake. Kwa mbwa ambaye dume lake likikomaa huweza kupita kilo 70, somo hilo si la kurukwa. Wiki nane ndicho kiwango cha chini kinachokubalika kwa wazalishaji makini wa nchi nyingi.

Mzalishaji wa Madale ni mzee mstaafu, na mazungumzo yetu ya kwanza kwa simu yalikuwa usaili ambao mimi ndiye niliyesailiwa. “Kijana wangu, nyumba hiyo ni yako au umepanga?” Akataka kujua urefu wa ukuta, nani anashinda nyumbani mchana, watoto wana umri gani, mlinzi amewahi kukaa na mbwa au anawaogopa, na mbwa atalala wapi wakati wa masika. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia: majirani ni akina nani, na njia ya kwenda msikitini inapita wapi. Sababu yake ilikuwa ya msingi. Majirani zetu wengi ni Waislamu, na katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa zaidi katika mwambao wetu, mate ya mbwa ni najisi nzito ambayo hutaka kuosha mara saba, mojawapo ikiwa kwa udongo. Mtu anayekwenda kuswali alfajiri akirukiwa na mbwa kwenye uchochoro amevurugiwa zaidi ya nguo zake. Mzee alitaka geti la watembea kwa miguu lijifunge lenyewe kwa springi, na akasema hatamtoa mbwa mpaka aone picha ya geti hilo. Tulimlipa fundi, tukatuma picha.

Wapo watakaoona maswali hayo ni kiburi cha mtu mwenye bidhaa adimu. Mimi nayaona ndiyo sehemu kubwa ya kile nilicholipia, na nililipa zaidi ya mara mbili ya bei inayotajwa kwenye matangazo. Mfanyakazi mwenzangu anayeishi Sinza katika nyumba ya kupanga yenye uwanja mmoja kwa familia kadhaa alikataliwa waziwazi, akashauriwa atafute mbwa wawili wa kienyeji. Aliudhika, lakini ushauri ulikuwa sahihi: kwa kubweka na kuamsha watu, mbwa wa kienyeji anatosha kabisa, anakula kidogo na analihimili joto la Dar es Salaam kuliko hawa wakubwa.

Boerboel ni mbwa wa mashamba ya Afrika Kusini, na huko ndiko dume la mzalishaji huyu lilikozaliwa. Jike alizaliwa hapa nchini. Tulipofika tulioneshwa wazazi wote wawili, na mzee mwenyewe ndiye aliyependekeza kwamba daktari wa mifugo niliyekwenda naye atumie kifaa cha kusomea chipu, yaani kidude kidogo chenye namba ya utambulisho ya mbwa, ili tulinganishe tarakimu 15 zilizo chini ya ngozi ya dume na zile zilizoandikwa kwenye karatasi zake. Zililingana. Tuliangalia pia ukoo, tukakuta dume na jike hawachangii babu wala bibi. Nasisitiza jambo hili kwa sababu hapa mjini karatasi ya ukoo huoneshwa kana kwamba ni cheti cha afya, ilhali inachoeleza ni nani alimzaa nani. Mbwa mwenye karatasi nzuri anaweza kuwa na nyonga mbovu, na mababu zake wote wakawa nazo.

Nyonga ndiyo habari kubwa ya mbwa wa uzito huu. Kichwa cha mfupa wa paja kisipokaa vizuri kwenye tundu lake, kiungo husagika, na mbwa huanza kuchechemea akiwa bado kijana. Tatizo hilo hurithiwa kupitia jeni nyingi kwa pamoja, kwa hiyo huwezi kulitambua kwa kumtazama mzazi akitembea. Inahitajika picha ya eksirei, isomwe na mtaalamu na ipewe daraja. Katika utaratibu wa shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, madaraja huanzia A, ambayo ni nyonga safi, hadi E, ambayo ni mbovu kabisa, na picha haipigwi kabla mbwa hajatimiza angalau mwaka mmoja. Dume alikuwa na picha za nyonga na viwiko, zote zikiwa na majibu mazuri. Jike alikuwa na picha ya nyonga tu, nayo ilikuwa na daraja B. Viwiko vyake havikuwa vimepimwa, na nilipouliza, mzee alijibu kwamba hajawahi kumwona akichechemea. Kwa mtu aliyekwisha kunieleza kwamba macho hayatoshi kupima nyonga, jibu hilo halikuniridhisha, na ndiyo kasoro ninayoihesabu kuwa kubwa kuliko zote katika huduma yake.

Kuhusu magonjwa ya kuambukiza sina la kulalamikia. Kabla ya kupandishwa, wazazi wote wawili walipimwa damu kwa ajili ya brusela, ugonjwa wa bakteria unaoharibu mimba, na magonjwa yanayoletwa na kupe, na cheti cha maabara kilikuwepo. Jike alipandishwa akiwa amevuka miaka miwili, na mzee hamzalishi kila anapopata joto. Wageni hawakuingia kwenye banda la watoto wakiwa na viatu vya nje. Tulivaa kandambili zake zilizochovywa kwenye maji yenye Jik, maana kirusi cha parvo, kinachowaharisha damu na kuwaua watoto wa mbwa, huishi kwenye udongo kwa miezi mingi na hubebwa na soli za viatu bila mtu kujua. Hata kwetu aliuliza kama kuna mbwa yeyote aliyewahi kufa kwa kuhara damu katika kiwanja kile, na kama jibu lingekuwa ndiyo, asingekubali tumchukue kabla hajamaliza chanjo zote.

Sehemu ya malezi ndiyo iliyonifurahisha zaidi, nami nitaieleza kwa kirefu kidogo. Kati ya wiki ya tatu na takriban ya kumi na mbili ubongo wa mtoto wa mbwa hupokea mambo mapya bila woga mwingi, na baada ya hapo mlango huo huanza kufungwa. Mzalishaji wa kawaida hapa kwetu humfungia mtoto bandani kipindi hicho chote ili asione watu, akiamini kwamba ndivyo atakavyokuwa mkali. Kinachopatikana ni mbwa mwoga mwenye kilo 60, na mbwa mwoga ndiye anayeng'ata mtoto wa jirani aliyefuata mpira. Kwa mzee huyu watoto walikua wakisikia bodaboda, blenda, mvua juu ya bati na adhana. Alialika watu wa kila namna kuja kukaa nao: wanaume wenye kanzu, wanawake wenye buibui, muuza maji, watoto wa shule, fundi mwenye ngazi begani. Sakafu ya mahali pao pa kuchezea ilikuwa mchanga na nyasi badala ya vigae vinavyoteleza. Jambo hili lina ushahidi: utafiti uliofanywa Norway kwa mbwa wa aina kubwa ulionyesha kwamba watoto wanaopanda ngazi kila siku kabla ya miezi mitatu wanapata ubovu wa nyonga zaidi, na wale wanaotembea huru nje kwenye ardhi laini isiyo tambarare wanaupata kwa kiasi kidogo.

Hatukuruhusiwa kuchagua mtoto kwa rangi wala kwa ukubwa. Mke wangu alikuwa amempenda dume mmoja aliyekuwa akiwapanda wenzake mgongoni na kuwanyang'anya chakula. Mzee akasema huyo atakwenda kwa mtu aliyewahi kufuga mbwa wakubwa, akatupa jike mtulivu ambaye sufuria ilipoangushwa alishtuka, akasimama, kisha akaenda kuinusa. Tulikubali kwa shingo upande. Leo nikimwona namna anavyompokea mgeni aliyekaribishwa, yaani anasimama kati yetu na kumtazama bila kelele mpaka niseme neno, naona mzee alijua alichokifanya.

Mkataba ulikuwa na kurasa chache zenye masharti mazito. Chanjo ya kichaa cha mbwa ilikuwa bado kwa sababu ya umri, hivyo tulitakiwa kumchanja akifikisha miezi mitatu na kumtumia mzalishaji picha ya kadi. Hatakiwi kupandishwa kabla ya miaka miwili wala kabla ya picha za nyonga. Ni marufuku kumfunga mnyororo mchana kutwa, na ni marufuku kumpa pilipili au bangi, imani ambayo bado ninaisikia kwa watu wenye elimu zao kwamba humfanya mbwa kuwa mkali. Sharti kuu ni kwamba tukishindwa kumfuga, iwe ni kwa uhamisho, msiba au sababu yoyote, hatuna ruhusa ya kumuuza wala kumgawa. Anarudi Madale, wakati wowote wa maisha yake. Sharti hilo si la maandishi tu. Siku tuliyokwenda tulimkuta dume mtu mzima aliyerudishwa na familia iliyohamia Dodoma, anaendelea kuzoeshwa akitafutiwa nyumba nyingine. Kwa bahati mbaya mkataba wote uliandikwa kwa Kiingereza, na mtu anayeshinda na mbwa wetu kutwa nzima ni mlinzi ambaye hakisomi. Ilinibidi nimwandikie mwenyewe mambo muhimu na kuyabandika kwenye kibanda chake.

Ushauri wa chakula nao una pande mbili. Mzee alituonya tusiongeze DCP, yaani unga wa kalsiamu na fosforasi wa mifugo, wala unga wa mifupa unaouzwa kwenye maduka ya vyakula vya mifugo, na alikuwa sahihi: mtoto wa mbwa mkubwa, hasa kabla ya miezi sita, hana uwezo wa kukataa kalsiamu iliyozidi, kwa hiyo mwili huipokea na mifupa hukua vibaya. Alisisitiza pia mlo ugawanywe na mbwa asikimbizwe baada ya kula, kwa sababu tumbo la mbwa mwenye kifua chenye kina kirefu huweza kujaa gesi na kujipinda, na hilo huua ndani ya saa chache lisipowahiwa kwa upasuaji. Hata hivyo, chakula pekee anachokipendekeza ni cha mifuko kinachotoka nje ya nchi, na mfuko mmoja haumalizi mwezi. Nilipomwomba mpangilio wa chakula cha kupika nyumbani kwa dona, dagaa, utumbo na mboga, alijibu kwa kifupi kwamba hashauri. Daktari wetu ndiye aliyetusaidia kupanga mchanganyiko, na dagaa akawapunguza kwa sababu ya mifupa yao.

Mawasiliano baada ya kununua ni mazuri kwa mambo ya dharura na mabaya kwa mambo madogo. Mbwa wetu alipopata homa ya kupe, fizi zikawa nyeupe na akakataa kula, mzee alipokea simu usiku na kutuelekeza tusingoje asubuhi. Swali la kawaida kuhusu mafunzo au vifaa linaweza kukaa siku nyingi bila jibu, na anapojibu hutuma ujumbe wa sauti mrefu unaoanza na habari za mbwa wengine.

Kwa mwenye ukuta imara, mtu wa kushinda na mbwa na bajeti ya daktari inayojirudia, ningempendekeza mzalishaji huyu bila kusita, kwa sharti kwamba adai picha za viwiko vya jike kabla ya kutoa malipo ya awali. Mbwa wetu atapigwa picha zake mwenyewe akikaribia mwaka na nusu, nyonga na viwiko kwa pamoja. Nimemweleza mzee kwamba majibu nitamtumia yakiwa mazuri au mabaya, naye amekubali kwamba viwiko vikionekana vibovu, mama yake hatapandishwa tena.