Vitu vinne vya kulinda nywila dhidi ya kiloga kwenye kompyuta ya nyumbani

Karibuni watazamaji wetu, mlio hapa Dodoma na mlio mbali. Mezani leo tuna vitu vinne: kibodi ya kwenye skrini inayokuja na Windows, programu ya KeyScrambler, programu ya KeePass, na ufunguo wa usalama wa USB. Watu huvitegemea vyote kwa kazi moja, kuzuia kiloga kisinase nywila. Kimoja kati ya hivi hakikulindi na hatari iliyoenea zaidi majumbani, na ndicho watu wanachoambiana zaidi.

Kiloga ni chombo kinachorekodi kila kitufe unachobonyeza. Kuna cha kuchomeka na kuna cha programu. Kamera isogee hapa tafadhali. Hiki cheusi ni cha kuchomeka. Ni kifupi kama kidole gumba, upande mmoja kina kichwa cha USB, upande wa pili kina tundu la USB. Ukikiona nyuma ya kompyuta utadhani ni adapta. Unachomoa kibodi, unachomeka hiki, halafu kibodi inaingia kwenye tundu lake. Chenye kumbukumbu ya MB 16 kinaweza kubeba herufi zipatazo milioni 16. Antivairasi haitakupigia kelele, kwa sababu kiko nje ya Windows, kinapitisha tu mawimbi ya kibodi huku kikijiandikia nakala. Dawa yake ni mkono wako: vuta mashine kutoka ukutani, shika waya wa kibodi, ufuate mpaka unapoingia kwenye kompyuta. Uingie moja kwa moja. Fanya hivyo kila mashine inaporudi kutoka kwa fundi. Kwenye laptopu kibodi iko ndani, kwa hiyo hofu yako kubwa iwe kiloga cha programu.

Sasa kibodi ya kwenye skrini. Bonyeza kitufe cha Windows, Ctrl na O kwa pamoja, hii hapa imefunguka. Unabofya herufi kwa mausi, unajisemea kibodi sijaigusa, hakuna cha kunaswa. Kwa hiki cheusi ni kweli, maana kwenye waya hakupiti kitu. Lakini kila unapobofya herufi pale, programu hiyo inaiambia Windows kwamba kitufe fulani kimebonyezwa, kama vile kibodi halisi imebonyezwa. Kiloga cha programu kimekaa mlangoni hapohapo kinasikiliza, nacho kinaipata nywila nzima. Tena vya siku hizi havisikilizi vitufe tu. Agent Tesla, inayojulikana tangu 2014, hurekodi vitufe, husoma ulichokopi, hupiga picha za skrini, na huchota nywila ulizohifadhi kwenye brauza. Ndiyo maana hata ile mbinu ya kuandika herufi za mwisho kwanza, kisha kurudi mwanzo kwa mausi, inavuruga viloga vya kizamani tu. Kibodi ya skrini itumie ukiwa na shaka na waya. Kwa shaka nyingine yoyote haina msaada.

Kabla ya KeyScrambler, tusimame hapa, maana hapa ndipo nyumba nyingi zinapoingiliwa. Desktopu nyingi tunazotumia ni za mtumba, na nyingi zinakuja na Windows ya kraki. Defender, antivairasi inayokuja na Windows, huzuia aktiveta, yaani programu ya kuiwasha Windows bila leseni, hivyo anayekuwekea huizima kwanza, au huiambia isikague folda fulani. Huenda hana nia mbaya hata kidogo, anataka mashine iwake uende zako. Lakini tundu lile linabaki wazi miaka, na kila kitu kinachoangukia humo hakikaguliwi. Fungua "Windows Security", ingia "Virus & threat protection", bofya "Manage settings", shuka mpaka chini kwenye "Exclusions". Orodha hiyo kwa kawaida iwe tupu. Ukikuta imeandikwa C:\ peke yake, ujue Defender imefumbwa macho kwa diski nzima. Ifute. Ukiwa hapohapo, hakikisha "Tamper Protection" imewashwa, ili programu nyingine isiweze kuizima Defender kimyakimya.

Ukimaliza, rudi nyuma, bofya "Scan options", chagua "Microsoft Defender Antivirus (offline scan)". Mashine itajizima na kuwaka, na ukaguzi utafanyika kabla Windows haijaamka, wakati kiloga bado kimelala na hakijapata nafasi ya kujificha. Huchukua kama dakika 15. Umeme ukikatika katikati, anza upya ukirudi, usihesabu kwamba umekagua. Na kama mashine yako ni ya Windows 10, masasisho yake ya kawaida ya usalama yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Hilo lina uzito kuliko vitu vyote vinne vilivyo mezani.

Jambo jingine ni akaunti. Watoto wakipakua vitu vya magemu, wawe na akaunti yao ya kawaida isiyo ya msimamizi. Kiloga cha kawaida kikiingia humo hakisikii unachoandika kwenye akaunti yako, na hakiwezi kuweka dreva, yaani programu inayokaa chini kabisa ndani ya Windows, bila nywila ya msimamizi.

KeyScrambler. Toleo la bure linalinda brauza, matoleo ya kulipia yanalinda programu nyingi zaidi. Ukishaiweka unawasha mashine upya, kwa sababu inaweka dreva yake chini kabisa, karibu na kibodi. Kila kitufe kinafungwa kwa msimbo kule chini na kufunguliwa ndani ya brauza, hivyo kiloga kilichokaa katikati kinapata takataka. Tazama hapa juu ya skrini, naandika "mtumba" na kile kidirisha kinaonyesha herufi zisizo na maana. Inafanya inachosema. Ila haizuii kiloga cha kuchomeka, maana kile kinasikia kabla yake, na haizuii programu inayosoma fomu ndani ya brauza baada ya herufi kufunguliwa. Ichukue kama nyongeza. Mtu asiyetaka kubadili mazoea yake kabisa, afadhali awe na hii kuliko kukosa.

KeePass ndiyo tunayoipa nafasi kubwa. Ni ya bure, inatunza nywila zako zote kwenye faili moja lililofungwa, na wewe unakariri moja tu, nywila kuu. Ipakue kutoka keepass.info, na uiandike anwani hiyo mwenyewe. Oktoba 2023 kulikuwa na tangazo kwenye Google lililopeleka watu kwenye tovuti bandia ambayo herufi k ya jina lake ilikuwa na kialama kidogo chini yake, kidogo kama vumbi la skrini. Pia hakikisha toleo ni 2.54 au jipya zaidi, kwa sababu matoleo ya nyuma yalikuwa na kasoro iliyowezesha nywila kuu kufufuliwa kutoka kwenye kumbukumbu ya mashine.

Ikija, haijawashwa mambo mawili unayoyahitaji. La kwanza: "Tools", "Options", "Security", weka alama kwenye "Enter master key on secure desktop". Kuanzia hapo, ukifungua faili, skrini inafifia na kidirisha cha nywila kinakaa kwenye eneo ambalo viloga vingi vya programu havifiki. La pili ni kwa kila nywila: ifungue, nenda "Auto-Type", washa "Two-channel auto-type obfuscation". Ukiwa kwenye ukurasa wa kuingia ukabonyeza Ctrl, Alt na A, KeePass inaijaza nywila kwa vipande, vingine kwa njia ya vitufe, vingine kwa njia ya kukopi na kupesti, vikichanganywa. Anayesikiliza njia moja anaambulia nusu. Kiloga kilichotengenezwa makusudi kusikiliza njia zote mbili kinaweza kuziunganisha, na watengenezaji wa KeePass wenyewe wanalisema hilo waziwazi. Kurasa chache zinakataa ujazaji huu, nywila inaingia imekatika au haiingii. Hapo zima alama hiyo kwa ukurasa huo tu.

Ongeza faili la ufunguo, yaani faili ambalo KeePass inalitaka pamoja na nywila kuu, ulitunze kwenye flashi. Hata nywila kuu ikinaswa, mtu aliyeiba faili lako la nywila hafungui bila flashi hiyo. Nakala ya faili la ufunguo iwepo mahali pengine salama, kwa sababu flashi ikifa nawe umefungiwa nje, na hakuna wa kumpigia simu.

Cha nne, ufunguo wa usalama, kama huu wa YubiKey. Unahitaji funguo mbili, wa pili uwe wa akiba. Unachomeka, unagusa hiki kiduara. Kinachotoka ni jibu lililosainiwa kwa ajili ya tovuti ile na kwa mara ile tu, kwa hiyo kiloga hakina cha kurudia kesho. Gharama ikikushinda, simu ya Android 9 au mpya zaidi inaweza kufanya kazi hiyohiyo kwa passkey, yaani ufunguo unaotunzwa ndani ya simu badala ya nywila: unapiga picha msimbo wa QR ulio kwenye kompyuta. Watu hukwama hapa, kwa sababu kompyuta na simu zote lazima ziwe na Bluetooth imewashwa, na desktopu nyingi za mtumba hazina. Nunua kile kidubwasha cha Bluetooth cha USB kwanza.

Sehemu ambazo hazikubali ufunguo, weka namba sita za kwenye simu zinazobadilika kila sekunde 30. Mtumishi wa umma anayejaza PEPMIS, ule mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji kazi, usiku nyumbani aanze na barua pepe yake, maana nywila za sehemu nyingi hubadilishwa kupitia humo.

Na ukishakuta kiloga? Usibadili nywila kwenye mashine hiyo, kitanasa na mpya. Shika simu yako, tumia bando, anza na barua pepe, kisha benki, kisha mengine. Kila akaunti chagua kutoka kwenye vifaa vyote, kwa sababu mwizi anaweza kuwa ameiba vidakuzi vya brauza, vile vinavyoiambia tovuti kwamba umeshaingia, na anaingia bila nywila wala zile namba sita. Kama ni cha kuchomeka, kipige picha kikiwa mahali pake, kichomoe, kitunze ukakiripoti polisi; kunasa mawasiliano ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kama ni cha programu, weka Windows upya kutoka kwenye flashi ya GB 8 iliyotengenezwa na chombo cha Microsoft, tena kwenye kompyuta nyingine. Picha na nyaraka zako zihamishe. Yale mafaili ya .exe uliyoyatunza kwa miaka kwenye folda ya programu yaache hukohuko, pamoja na ile aktiveta.