Amplifaya ya "wati 1000" iliyoniunguzia twita mbili

Mtu akikuambia wati zikizidi mara mbili na sauti inazidi mara mbili, rudisha hela mfukoni uondoke. Kwa maneno hayo hayo ndiyo niliuziwa amplifaya hii Kariakoo siku si nyingi zilizopita. Usoni ina stika ya rangi ya fedha: 1000W. Muuzaji akaniambia: "Bosi wangu, yako ya zamani ni wati hamsini tu, hii ni mara ishirini. Mtaa mzima utasikia." Nyota moja, na hiyo moja naitoa kwa shingo upande.

Ukweli uko kwenye adapta yake, kwa maandishi madogo: volti 24, ampea 5. Zidisha, unapata wati 120. Hakuna chombo duniani kinachotoa nguvu nyingi kuliko inayoingia. Na hizo 120 hazifiki zote kwenye spika. Kilele cha wimbi hakiwezi kuvuka volti 24. Gawanya kwa 1.41, ili kutoka volti za kilele upate zile zinazohesabiwa kwenye wati, unabaki na 17, na ndani ya saketi inapotea kama moja. Nimepima mwenyewe: multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme, upande wa AC, ncha zake kwenye vituo vya spika ya omu 8, simu ikipiga toni tupu ya hezi 100 (multimita za bei rahisi hudanganya kwenye toni za juu). Pandisha hadi toni ianze kukwaruza, kisha rudisha kidogo. Ilisoma 16. Kumi na sita mara kumi na sita ni 256, gawa kwa 8: wati 32 kila upande. Ile ya zamani, kwa kipimo hicho hicho, volti 14, wati 24 na nusu.

Sasa sikiliza maana yake. Volti ndizo zinazoamua amplitudo, yaani koni ya spika inasogea kiasi gani mbele na nyuma. Ukali wa sauti, ile nguvu inayopita kwenye kila mita ya mraba, hauendi sambamba na amplitudo. Unakwenda na amplitudo iliyozidishwa kwa yenyewe. Koni ikisogea mara mbili, ukali unakuwa mara nne, ambayo kwa kipimo cha ukali wa sauti ni desibeli 6. Wati mara mbili ni desibeli 3 tu. Na sikio lina hesabu yake tena: kwa watu wengi sauti huonekana imekuwa kubwa mara mbili pale inapopanda kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Kutoka volti 14 hadi 16 ni desibeli 1.2. Usipoambiwa, hutambui kitu. Hata kama zingekuwa wati 1000 za kweli, mara ishirini ni desibeli 13, sikio lingesikia kama mara mbili na nusu, na spika za kawaida za sebuleni zingeungua mapema sana.

Nilipolalamika kwamba sioni tofauti, jibu likawa: "Fungulia voliumu mpaka mwisho." Ushauri huo ndio ulioua twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba. Amplifaya ikifika kikomo chake, kilele cha wimbi kinakatwa, linakuwa bapa juu na chini. Kwenye kona za lile bapa huzaliwa masafa ya juu ambayo hayamo kwenye muziki, na crossover, saketi inayogawa sauti nyembamba na nzito, inayapeleka yote kwa twita, ambayo koili yake ni waya mwembamba kama unywele. Wufa, ile spika kubwa ya besi, inavumilia. Twita inanuka varnishi iliyoungua, kisha kimya. Wengi wanadhani spika huungua kwa amplifaya kubwa mno, kumbe ndogo iliyolazimishwa nayo huua.

Nikarudi na vipimo vyangu kwenye karatasi. Mbele ya wateja wengine: "Mzee, kama huna hela sema, usiniletee hesabu za shule." Kabla ya kulipa nilikuwa bosi.

Nisiionee mashine. Chumbani, voliumu isipite nusu, inatoa sauti safi, haina mvumo, haichemki. Ingeandikwa "wati 30 mara mbili" na kuuzwa kwa bei ya wati 30, ningeipa nyota tatu, pengine nne. Lakini haikuandikwa hivyo, na nikiiona ile stika nyota hizo za ziada zinafutika.

Unayetaka sauti zaidi kwa shughuli ya uani, angalia kwanza spika. Ya desibeli 95 kwa wati moja kwenye mita moja inaizidi ya 89 kwa desibeli 6, sawa na kuzidisha wati mara nne bila kununua amplifaya. Na uwanjani, kila umbali ukiongezeka mara mbili unapoteza desibeli 6: aliye mita 16 anapata desibeli 24 pungufu ya zile ambazo ungepima kwenye mita moja. Kwa hao wa nyuma, sogeza jozi ya pili ya spika karibu nao.

Twita mpya nimeshafunga, omu 8, kila moja na kapasita ya maikrofaradi 3.3. Amplifaya anayeitaka kwa chumbani nitamuuzia, ila ile stika naibandua kwanza. Nyota moja inabaki pale pale.